Msiulaumu Uso wa Simba

Tangu Julai 2019, filamu mpya ya The Lion King ilipoingia kwenye majumba ya sinema, hukumu moja imerudiwa mpaka imegeuka kanuni: simba wale wametengenezwa halisi mno, nyuso zao haziwezi kuonyesha huzuni wala furaha, na kwa hiyo filamu nzima imepoa. Wahakiki wa New York na London waliisema. Wazazi waliowapeleka watoto Nairobi na Dar es Salaam waliisema. Vijana wetu wanaojifunza kutengeneza katuni wanaisema mpaka leo, tena kwa uhakika wa mtu anayetaja jambo lililokwisha kuthibitishwa. Simba wa katuni ya awali ya 1994 alikuwa na nyusi, wanasema, wa 2019 hana. Basi, kesi imefungwa.

Naomba ifunguliwe. Filamu ya 2019 ina kasoro kubwa, na nyingine zinaudhi kweli, lakini uso haumo kwenye orodha hiyo. Kosa lake ni kwamba ni filamu ya nyimbo inayoona haya kuimba. Tofauti hii si ndogo. Mganga aliyekosea kutaja ugonjwa atatoa dawa isiyo yake, na katika kazi ya katuni dawa ya nyuso ndiyo ghali kuliko zote.

Tuanze na ngiri na nguchiro. Pumbaa na Timon wa 2019 walitengenezwa kwa kompyuta zilezile zilizomtengeneza Simba, chini ya mwongozaji yuleyule, Jon Favreau, na kwa sharti lilelile la kutompa mnyama mwonekano ambao mnyama wa porini hana. Ngiri kwa kweli ana uso mgumu kuliko wa simba: pembe, vinundu, macho madogo yaliyokaa juu ya fuvu refu. Hata hivyo, wahakiki wengi walioizika filamu kwa hoja ya nyuso waliwasifu hao wawili kuliko mhusika mwingine yeyote. Kwa nini? Kwa sababu Seth Rogen na Billy Eichner walipewa nafasi ya kuigiza pamoja, kukatizana, kupokezana maneno kwa kasi na kutunga mengine papo hapo. Kuna mwendo kati yao. Mmoja akimaliza pumzi mwenzake ameshadakia. Sasa, kama uso ndio ugonjwa, ngiri alipataje kupona?

Halafu kuna sehemu ambayo haina uso kabisa. Katikati ya filamu, kishungi cha manyoya ya Simba kinachukuliwa na upepo. Kinaelea mtoni, kinaokotwa na ndege, kinaishia kwenye majani yanayoliwa na twiga, kinatoka na kinyesi, kinaviringishwa na mdudu wa mavi, kinabebwa na sisimizi mpaka kinamfikia mkononi Rafiki, yule nyani mganga. Hakuna anayesema neno. Hakuna jicho la kutazama wala mdomo wa kutabasamu, ni unyoya mdogo tu unaosafiri. Na kwa maoni yangu hapo ndipo filamu nzima inapofikia kilele chake, maana mtoto aliyekaa kitini analiona lile fundisho la Mufasa, baba yake Simba, kuhusu mzunguko wa uhai likitendeka mbele yake bila mtu kumhubiria. Kama filamu hii inaweza kugusa moyo bila uso wowote, basi haikushindwa kwa kukosa uso.

Sisi watu wa upande huu wa dunia tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Nenda Mtwara, au vuka Ruvuma uingie kaskazini mwa Msumbiji, ukaangalie mapiko ya Wamakonde. Mchezaji amevaa kinyago cha mti kinachofunika kichwa chote. Kinyago kile hakikunji ndita, hakipepesi jicho, hakitabasamu. Kimechongwa mara moja na kitabaki hivyo. Lakini ngoma zikishika, mabega yakitikisika, miguu ikipiga ardhi na vitambaa mwilini vikianza kupepea, watoto wanakimbia na watu wazima wanapiga vigelegele. Uso ni uleule wa mti, na kila mtu pale uwanjani ataapa kwamba ameuona ukikasirika. Kinachobadilika ni mwili, na mwili unaongozwa na mdundo.

Hata The Lion King yenyewe ilikwisha kutoa ushahidi huo. Mwaka 1997 Julie Taymor aliipeleka hadithi hii jukwaani, kwanza Minneapolis kisha New York, akatumia vinyago na vibaraka. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Tony ya uongozaji wa tamthilia ya muziki, mwanamke wa kwanza kuipata, na onyesho lake linaendelea New York mpaka leo. Kinyago cha Mufasa kinakaa juu ya kichwa cha mwigizaji na hakina msuli hata mmoja wa kucheza. Mtaniambia kwamba uso wa mwigizaji mwenyewe unaonekana chini yake. Ni kweli, kwa aliyelipia viti vya mbele. Aliyekaa juu, nyuma kabisa, haoni nyusi za mtu. Anaona twiga wanaotembea kwa magongo, anaona tembo wa kitambaa akipita katikati ya watu, anasikia kwaya ya mtunzi Lebo M ikipanda, na machozi yanamtoka.

Na kwa atakayesema jukwaa ni jukwaa na sinema ni sinema, ipo Happy Feet ya 2006. Hiyo nayo ni katuni ya muziki ya familia iliyojaa mastaa: Elijah Wood, Robin Williams, Nicole Kidman, Hugh Jackman. George Miller aliwatengeneza pengwini wanaokaribia sana pengwini halisi wa Antaktika, na pengwini ni kiumbe mwenye uso mgumu kupita simba. Ana mdomo wa ndege, basi. Miller akafanya nini? Alimchukua Savion Glover, bingwa wa ngoma ya kugonga visigino, akanasa nyayo zake kwa mitambo na kuzitia miguuni mwa pengwini Mumble. Hadithi yote ya filamu ikawa miguuni: kifaranga asiyeweza kuimba katika jamii ambayo asiyeimba hapati mwenza, lakini miguu yake haitulii. Filamu ile ilishinda Oscar ya katuni bora, na hakuna aliyeuliza kwa nini mdomo wa pengwini haukunjiki.

Basi kosa liko wapi? Tazameni nyimbo.

Katika filamu ya 1994, Simba mdogo anapoimba hamu yake ya kuwa mfalme, savana inaondoka kabisa. Mandhari inageuka kuwa rangi kali zilizolala bapa kama picha ya ukutani. Wanyama wanapandana juu ya migongo mpaka unasimama mnara mrefu, Simba na mwenzake Nala wakiwa kileleni. Mnara unaporomoka, na Zazu, yule hondohondo aliyetumwa kuwachunga, anabaki amekaliwa na kifaru. Wimbo umekwisha, watoto wametoroka. Angalieni kazi iliyofanyika: wimbo ulikuwa ndio njia yenyewe ya kutoroka. Bila ule wimbo, Simba na Nala hawafiki makaburi ya tembo. Mwaka 2019 wimbo ni uleule, sauti za JD McCrary na Shahadi Wright Joseph ni nzuri tena safi, lakini picha inatuonyesha watoto wa simba wakikimbia katikati ya wanyama wanaokunywa maji. Ukizima sauti, huwezi kujua kwamba kuna mtu anaimba.

Wimbo wa Scar, ami wa Simba anayenyakua ufalme, ndio ulioumia zaidi. Jeremy Irons wa 1994 aliuimba juu ya mwamba huku ardhi ikipasuka, moshi wa kijani ukifuka na fisi wakipita chini yake kwa safu, miguu juu, kama jeshi linalokagua nguvu zake kabla ya kupindua nchi. Mtoto asiyejua lolote kuhusu madikteta anaelewa pale kwamba jambo baya linapangwa. Mwaka 2019 wimbo umefupishwa, nusu unasemwa na nusu unaimbwa, na Scar anapanda mawe gizani. Chiwetel Ejiofor ni mwigizaji hodari, na katika sehemu za maongezi Scar wake anatisha kuliko wa zamani, kwa kuwa hana mbwembwe, ana kinyongo tu. Lakini alinyimwa ukumbi. Na wimbo wa mapenzi, ambao maneno yake yanauita usiku, uliimbwa jua likiwa bado linawaka. Sidhani kuna uzembe mkubwa kuliko huo katika filamu iliyogharimu dola takribani milioni 260.

Hapa wanaomtetea Favreau hujibu kwamba alikuwa amefungwa na uhalisia. Alitaka filamu ifanane na zile za maisha ya wanyama porini, na simba wa porini hachezi ngoma. Nalikataa jibu hili kwa nguvu zote. Simba wa porini hasemi pia. Mara tu Mufasa alipofungua kinywa, kwa sauti ile nzito ya James Earl Jones, kumweleza mwanawe majukumu ya mfalme, mkataba wa uhalisia ulikwisha kuvunjwa, na mtazamaji alikubali kwa furaha. Tena hakukuwa na uhalisia wowote wa kulindwa. Favreau mwenyewe alieleza kwamba katika filamu nzima kuna picha moja tu iliyopigwa Afrika kwa kamera ya kweli, lile jua linalochomoza mwanzoni. Nyingine zote, 1,490, zilitengenezwa na wachoraji na kompyuta. Waandaaji wa tuzo za Golden Globe waliiweka kwenye kundi la katuni, na waliiweka mahali pake. Mtu mwenye picha 1,490 za kubuni mkononi mwake hawezi kudai kwamba maumbile yalimkataza kucheza.

Na hata angetaka kubaki na maumbile, maumbile yalimwekea ngoma tayari. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, na yeyote aliyelala kambini Serengeti amewasikia. Mmoja anaanza kunguruma, wa pili anapokea, wa tatu anaingia, mpaka kundi zima linaitikiana, na sauti inafika hata kilomita 8. Wanaambizana wao ni nani na nchi hii ni ya nani. Watoto wao wanaviziana, wanarukia ncha za mikia ya mama zao, wanabingirika. Majike wakikutana wanasuguana vichwa na mashavu. Mwalimu yeyote wa ngoma akipewa mienendo hiyo mitatu na wimbo wa Elton John na Tim Rice, atakurudishia kitu cha kutazamwa miaka 30. Hakuna aliyemwita.

Sasa niseme kuhusu mastaa, kwa sababu upo upande wa pili unaosema kwamba wao ndio walioiharibu filamu kwa majina makubwa. Nao wamekosea. Filamu ya 1994 ilikuwa na majina makubwa pia: Irons, Jones, Whoopi Goldberg, Rowan Atkinson, Matthew Broderick. Ila waongozaji wake, Roger Allers na Rob Minkoff, walijua kutenganisha kazi. Broderick alisema, na Joseph Williams akamwimbia. Katika ile ya 2019, John Kani wa Afrika Kusini amempa Rafiki utu uzima na heshima, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, amemfanya Shenzi kuwa fisi wa kuogopwa. Mastaa hawakuwa mzigo. Walitumiwa vibaya mahali pamoja, na mahali penyewe panathibitisha hoja yangu yote.

Aliyetumiwa vibaya ni Beyoncé, aliyempa Nala sauti. Katika filamu kuna usiku ambao Nala anaamua kutoroka nchi iliyokaushwa na Scar ili akatafute msaada. Ni mwanamke kijana anayeaga kwao kimyakimya, asijue kama atarudi. Tamthilia ya jukwaani ilimpa Nala wimbo wa kuaga wakati huo huo, majike wakimwitikia kwa nyuma, na ni mojawapo ya nyimbo bora katika kazi yote. Wimbo ulikuwapo, umekwisha kutungwa, umekwisha kupendwa. Mwimbaji mwenye mojawapo ya sauti kubwa kuliko zote za kizazi chake alikuwapo, ameajiriwa. Na Favreau akampitisha Nala gizani akinyata bila kuimba. Baadaye, Simba na Nala wanapokimbia jangwani kurudi nyumbani, unapigwa wimbo mpya wa Beyoncé juu ya picha, na hakuna mhusika hata mmoja anayeuimba. Ni wimbo usio na mwenyewe. Uso wa Nala una hatia gani hapo?

 

Nakubali jambo moja kwa wapinzani wangu. Kifo cha Mufasa kilihitaji uso. Mwaka 1994, kope za Simba zinapozama na masikio kulala, kuna kitu ambacho manyoya halisi ya 2019 hayakukifikia. Lakini hata pale, tazameni tena kwa utulivu. Kinachovunja moyo ni mtoto kumvuta baba sikio, kumsukuma, kisha kuinua mkono uliolegea na kujilaza chini yake. Ni matendo. Ndiyo maana hata katika filamu mpya sehemu ile bado inauma, pamoja na upungufu wake.

Kisha likaja jaribio ambalo lilipaswa kumaliza ubishi. Disney iliisikia hukumu ya nyuso. Desemba 2024 ikatoa Mufasa: The Lion King, ikamkabidhi Barry Jenkins, mwongozaji wa Moonlight, na nyimbo zikatungwa na Lin-Manuel Miranda. Nyuso zililegezwa: macho yanasema, midomo inakunjika, na waliolalamika 2019 wengi walikiri kwamba hali imekuwa nzuri. Je, nyimbo zilipata uhai? Wimbo mmoja unaokaa kichwani ni ule wa Mufasa na Taka, atakayekuja kuitwa Scar, wakishindana mbio, maana wanakua ndani ya wimbo wenyewe, wanaingia wadogo na kutoka vijana. Nyingine zinaimbwa na wanyama wanaotembea, wakiwa na nyuso nzuri kabisa, na zinapita. Dawa ya uso ilinywewa yote, na mgonjwa hajaanza kucheza.

Mnaweza kuuliza kwa nini jambo la kampuni kubwa ya Marekani liniumize hivi. Linaniuma kwa sababu ya hapa nyumbani. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayeota kutengeneza katuni ya watoto akiaminishwa kwamba mambo yote ni uso, atakata tamaa kabla hajaanza, kwa kuwa programu za kuchezesha misuli ya uso, kompyuta za kuzibeba na watu wa kuziendesha vinataka fedha ambazo hana. Au atazikopa, azimalize zote kwenye macho ya mhusika, na wimbo autunge usiku wa mwisho. Nimeziona kazi za namna hiyo, zina nyuso zinazong'aa na nyimbo ambazo mtoto hawezi kuzirudia.

Waliofanikiwa kwetu hawakupita njia hiyo. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC kuanzia 2010, ilichukua michoro bapa ya mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, wanyama wenye macho ya duara na madoadoa, ikawapa muziki wa Eric Wainaina. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014 kwa michoro rahisi kabisa, na watoto wamejifunza hesabu kwa kuimba nayo sebuleni. Nyuso za wahusika wale ni mistari michache tu. Mtoto hajali, maana anaitwa acheze, naye anacheza.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa ninyi mnaotengeneza, na kwa mashirika yanayowapa fedha. Mkipanga bajeti ya katuni ya muziki, mtunzi wa nyimbo na mwalimu wa ngoma waingie kazini kabla ya mchoraji wa nyuso, na walipwe kama watu wa lazima. Wala hamhitaji kuwafuata Marekani. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iko Bagamoyo, kilomita zisizofika 80 kutoka Dar es Salaam, na inafundisha ngoma na muziki. Wachezaji wa mapiko wako Mtwara. Wapigieni simu kabla hamjanunua programu.